Mstari mguso na maji ya Tanga: shajara ya kijitabu cha kalkulasi

Tarehe 2 Juni

Nimeanza leo kazi ambayo nimekuwa nikiiahirisha kwa muda mrefu, nayo ni kuandika kijitabu cha Kiswahili kitakachoeleza jinsi fanksheni iliyopinda inavyoweza kukadiriwa kwa mstari ulionyooka. Wasomaji ninaowakusudia ni vijana wa Kidato cha Tano wanaosoma nami jioni hapa Ngamiani, Tanga. Shuleni hufundishwa hisabati kwa Kiingereza, na nikiwauliza habari ya jambo hili kwa Kiingereza hunijibu upesi kwa kanuni waliyoikariri. Nikiwauliza kwa Kiswahili kanuni hiyo inasema nini, hutazamana. Kutazamana kwao ndiko kulikonitia kalamu mkononi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukiijua thamani ya fanksheni mahali fulani, tupaite a, na ukaujua mwinamo wake mahali hapo, yaani kasi yake ya kupanda au kushuka, ambayo ndiyo derivativu yake, basi thamani yake mahali x palipo jirani hukadiriwa kwa kuichukua ile thamani ya kwanza na kuiongezea mwinamo uliozidishwa kwa umbali kutoka a hadi x. Kwa alama huandikwa f(x) ≈ f(a) + f′(a)(x − a). Ugumu hauko kwenye alama hizi, uko kwenye neno “jirani”, ambalo mara nyingi hupitwa haraka: jirani ni umbali gani, na anayekadiria atajuaje kwamba amekwisha kutoka ujiranini? Nimejiwekea sharti moja tangu mwanzo, kwamba hakuna mstari utakaochorwa katika kijitabu hiki bila kuandikiwa kando yake kosa lake linaweza kufika wapi.

Tarehe 5 Juni

Mfano wa kwanza nimeutoa kwenye viwanja vya nyumba, kwa kuwa kila kijana darasani amewahi kuona watu wakivuta kamba na kupigilia vigingi. Kiwanja ni mraba wa mita 20 kwa 20, na eneo lake ni mita za mraba 400. Mwenye kiwanja ameongezewa eneo hadi mita za mraba 410 na anataka kibaki mraba. Upande mpya utakuwa na urefu gani?

Fanksheni hapa ni kipeuo cha pili. Mwinamo wake mahali 400 ni moja juu ya mara mbili ya 20, yaani 1/40, na umbali kutoka 400 hadi 410 ni 10, hivyo nyongeza ni 10/40 na upande unakadiriwa kuwa mita 20.25. Kikokotoo kinasema 20.2485, kwa hiyo tumezidisha kwa milimita moja na nusu hivi. Fundi wa vigingi hawezi kuiona tofauti hiyo.

Darasa liliridhika, lakini mimi sikuridhika, kwa sababu kuridhika kwao kulitokana na kikokotoo na si na hoja. Nikafuta ubao na kuchora kiwanja chenyewe. Mraba wa 20 kwa 20 ukikua kwa pande mbili, kinachoongezeka ni kanda mbili ndefu pamoja na kona ndogo zinapokutana kanda hizo. Kila ukanda una mita 20 kwa 0.25, yaani mita za mraba 5, na zote mbili ni 10 kamili. Kona ina 0.25 kwa 0.25, yaani mita za mraba 0.0625. Ukizidisha 20.25 kwa 20.25 unapata 410.0625, na ile 0.0625 iliyozidi ndiyo kona. Mstari ulionyooka umehesabu kanda mbili na kuiacha kona.

Picha hii ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Kona ni nyongeza iliyozidishwa kwa nyongeza yenyewe, kwa hiyo nyongeza ikipungua kuwa nusu, kona hupungua kuwa robo, na nyongeza ikipungua kuwa sehemu ya kumi, kona huwa sehemu ya mia. Ukaribu unalipa zaidi ya ulivyogharimu. Kinyume chake ni kweli vilevile, nami nikawapa waone: kwa eneo la 441 mstari unatoa 21.025 ilhali jibu ni 21, kosa la sentimita mbili na nusu. Kwa eneo la 900 mstari unatoa 32.5 ilhali jibu ni 30, kosa la mita mbili na nusu, na mtu angejikuta ameingia katika kiwanja cha jirani yake.

Tarehe 9 Juni

Leo nimeandika kurasa tatu tu. Ya kwanza inahusu jina. Vitabu vya Kiingereza vina neno lao, na sisi tuna “tanjenti”, lakini vijana wanalijua neno hilo kama uwiano wa pande za pembetatu na linawachanganya. Nimeamua kusema “mstari mguso”, kwa kuwa ni mstari unaoigusa grafu na kwenda sambamba nayo kwa kitambo kabla ya kuachana. Nimelipenda jina hili.

Kurasa mbili zilizobaki zinaonyesha kwamba mstari mguso unaweza kutumiwa tena juu ya jibu lake lenyewe. Tukianza na 20.25, ambayo mraba wake umezidi kwa 0.0625, tunagawanya ziada hiyo kwa 40.5, yaani mara mbili ya 20.25, na kupunguza kinachopatikana. Jibu linakuwa 20.24845679, na thamani ya kweli huanza 20.24845673. Hatua moja imetuvusha kutoka tarakimu mbili sahihi baada ya nukta hadi saba. Njia hii inaitwa kwa majina ya Newton na Raphson, Waingereza wawili, na Joseph Raphson aliichapisha mwaka 1690. Kwa upande wa vipeuo vya pili peke yake, Heron wa Alexandria alikuwa ameieleza karne nyingi kabla yao. Sikutaka kukaa hapa zaidi, kwa sababu mfano mkubwa wa kijitabu bado haujaanza.

Tarehe 14 Juni

Mfano mkubwa ni bahari. Hapa Tanga maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa kumoja hadi kunakofuata ni wastani wa saa 12 na dakika 25, kwa sababu mwezi nao uko safarini. Kimo cha maji kikichorwa kwa saa za siku hufanya mawimbi laini yanayokaribia sana grafu ya kosaini. Nilitaka vijana wapime wenyewe badala ya kupewa tarakimu. Mwezi ulikuwa mpevu juzi, hivyo leo ni bamvua, yaani siku za maji makubwa, na maji yalipwa kabisa majira ya saa nne asubuhi, yakajaa majira ya saa kumi alasiri.

Upimaji wa leo umeharibika. Tulifunga boriti yenye alama za rangi kwenye nguzo ya gati dogo upande wa Raskazoni, tukiwa tumeomba ruhusa, tukawa tunasoma kimo kila baada ya dakika kumi. Upepo wa kusi ulikuwa na nguvu, mawimbi yakapanda na kushuka juu ya alama, na wasomaji wawili waliosimama bega kwa bega walitofautiana kwa sentimita kumi au zaidi. Kosa la mstari haliwezi kuonekana ikiwa kosa la jicho ni kubwa kuliko hilo. Nimeliandika hili katika kijitabu kama lilivyotokea, kwa sababu ni sehemu ya somo: kabla ya kuuliza mstari umekosea kiasi gani, ni lazima kujua kipimo chenyewe kinaweza kukosea kiasi gani.

Tarehe 16 Juni

Tumerekebisha. Tulichukua bomba refu la plastiki, tukaliziba chini na kulitoboa tundu chache nyembamba karibu na kizibo, tukalisimamisha kwenye nguzo ileile na kuweka ndani yake kipande cha boya chenye ufito mwepesi. Maji hupenya polepole kupitia tundu hizo, hivyo wimbi la sekunde chache halipati nafasi ya kuingia na kutoka, lakini kujaa kwa saa nzima huingia bila shida. Ufito ulipanda kwa utulivu na tuliweza kusoma kwa uhakika wa sentimita moja hivi.

Kwa ajili ya hesabu tumezungusha vipimo: maji kupwa mita 0.5, maji kujaa mita 3.5, kimo cha katikati mita 2.0, na kwa hiyo kutoka katikati hadi kilele ni mita 1.5. Mzunguko mzima wa saa 12.42 ni radiani mara mbili ya pai, hivyo kila saa ni radiani 0.506. Bahari halisi haifuati kosaini moja tu, kwa kuwa jua nalo huvuta kwa mzunguko wake wa saa 12, na kujaa kwa mchana na kwa usiku hakulingani kabisa. Lakini kwa saa chache za alasiri moja kosaini moja inatosha.

Tarehe 17 Juni

Siku ya leo imenifundisha zaidi kuliko nilivyofundisha.

Tulianza na mchana wa jana, maji yakiwa katikati ya kujaa. Hapo ndipo yanapokwenda mbio kuliko wakati wowote: mwinamo ni 1.5 mara 0.506, yaani sentimita 76 kwa saa. Mstari mguso unasema kwamba baada ya nusu saa maji yatakuwa yamepanda sentimita 37.9, baada ya saa moja 75.9, na baada ya saa mbili 151.8. Kosaini inasema 37.5, kisha 72.7, kisha 127.2. Makosa basi ni sentimita 0.4, sentimita 3.2, na sentimita 24.6. Lile la kwanza bomba letu haliwezi kuliona. Mawili yaliyofuata tuliyaona wazi kwenye vipimo vya jana.

Nilikuwa nimewaambia kwa kujiamini, nikitegemea kona ya kiwanja, kwamba muda ukizidishwa mara mbili kosa litazidi mara nne. Kijana mmoja akanyoosha mkono na kusema, “Mwalimu, kutoka 0.4 hadi 3.2 si mara nne. Ni mara nane.” Na kutoka 3.2 hadi 24.6 ni karibu mara nane pia. Alikuwa sahihi, na nilichokuwa nimewaambia hakikuwa kamili.

Tulikaa na swali hilo hadi adhana ya magharibi. Jawabu liko kwenye mpindo, yaani kasi ya kubadilika kwa mwinamo. Kosa hukua kama mraba wa umbali pale grafu inapokuwa imepinda kuelekea upande mmoja, kama kipeuo cha pili kinavyopinda kuelekea chini daima. Lakini katikati ya kujaa grafu ya maji inabadili upande: kabla ya hapo ilikuwa ikipinda kuelekea juu, kwa kuwa maji yalikuwa yakiongeza kasi, na baada ya hapo inapinda kuelekea chini, kwa kuwa maji yanapunguza kasi. Mahali penyewe pa mabadiliko mpindo ni sifuri. Sehemu ya kosa inayokua kwa mraba haipo kabisa, na inayobaki ni ile inayokua kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, na mbili mara mbili mara mbili ni nane.

Halafu msichana mmoja aliyekuwa akichora kwenye daftari la miraba akaniletea jambo la pili, ambalo limenigusa zaidi. Alikuwa amechora grafu na mstari wake pale katikati, na mstari ulikuwa chini ya grafu upande wa kushoto na juu yake upande wa kulia. “Huu haugusi, mwalimu,” alisema, “huu unakata.” Jina nililolipenda siku nane zilizopita halikumfaa.

Kwa Euclid, Mgiriki wa kale aliyezungumzia duara, mstari mguso ni ule unaokutana na duara bila kulikata, na kwa duara maelezo hayo yanatosha kwa sababu duara halibadili upande wa kupinda. Leibniz, alipochapisha kanuni zake za kalkulasi mwaka 1684, alieleza kwa namna nyingine: ni mstari unaounganisha vituo viwili vya grafu vilivyo karibu mno hata umbali baina yao hauna kipimo. Maelezo hayo hayasemi lolote kuhusu kukata. Yanasema kuhusu mwelekeo. Usiku huu nimeifuta tafsiri niliyoiandika tarehe 9 na kuandika kwamba mstari mguso ni mstari unaopita mahali pa grafu ukiwa na mwinamo uleule wa grafu mahali hapo, iwe unabaki upande mmoja au unavuka. Jina nimeliacha, kwa kuwa mguso unabaki kuwa mguso hata kwa anayepita, lakini mchoro wa msichana huyo utakuwa kwenye ukurasa huohuo ili msomaji asidanganywe na neno.

Tarehe 18 Juni

Nimekwenda Sahare kuzungumza na mzee mmoja nahodha ambaye wajukuu wake wawili wamo darasani. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kwamba kwa hesabu zetu, maji yakifika kilele mwinamo wake ni sifuri, na mstari mguso unasema yatabaki hapo hapo. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Ni kweli husimama, mwalimu. Yakijaa yakafika mwisho hutulia kwanza, ndipo hugeuka. Lakini usikae ukinywa kahawa kwa kutegemea kwamba yametulia, utarudi ukute chombo kimekaa mchangani.”

Nilirudi nyumbani na kuyaweka maneno yake katika tarakimu. Mstari mguso wa kilele umelala kabisa kwenye mita 3.5. Nusu saa baadaye maji halisi yamepungua sentimita 4.8, na hilo mtu hawezi kulitambua kwa macho. Saa moja baadaye yamepungua sentimita 18.8, na saa mbili baadaye sentimita 70. Hapa mpindo ni mkubwa kuliko mahali pengine popote, na kosa hukua mara nne kama kona ya kiwanja: 4.8 mara nne ni karibu 19, na 18.8 mara nne ni 75, ambayo imezidi kidogo kwa sababu mpindo nao hulegea kadiri maji yanavyoshuka.

Mabaharia wa nchi nyingi wana kanuni ya sehemu kumi na mbili, ambayo hugawa kujaa kote katika saa sita na kusema maji hupanda sehemu moja, kisha mbili, tatu, tatu, mbili na moja. Kwa bamvua yetu ya mita 3 ni sentimita 25, 50, 75, halafu kinyume chake. Kosaini inatoa 20, 55 na 75. Hiyo ni mistari inayounganisha vituo viwili vya mbali, si mistari mguso, nami nimeipa aya moja tu.

Tarehe 22 Juni

Maji mafu. Tumepima tena, na tofauti kati ya kujaa na kupwa imekuwa mita 1.0 hivi, kwa kuwa sasa mwezi na jua vinavuta kwa kupingana. Kilele kiko sentimita 50 tu juu ya katikati. Kila kitu kimepungua kuwa theluthi moja: mwinamo mkali ni sentimita 25 kwa saa, na kosa kwenye kilele baada ya saa moja ni kama sentimita 6.

Tarehe 25 Juni

Siku tatu zimekwenda kwenye ukurasa mmoja, na sijutii hata saa moja. Ni ukurasa unaotimiza sharti la tarehe 2.

Tokeo lenyewe ni la mwanahisabati Lagrange, aliyelichapisha mwaka 1797, miaka 82 baada ya Brook Taylor kutoa mfululizo unaobeba jina lake. Linasema kwamba kosa la mstari mguso ni sawasawa na nusu ya kasi ya kubadilika kwa mwinamo, mahali fulani kati ya a na x, ikizidishwa kwa mraba wa umbali. Hatuambiwi ni mahali gani hasa, lakini hatuhitaji kuambiwa: tunachukua mpindo mkubwa kuliko yote katika nafasi hiyo, na kosa haliwezi kupita hapo. Kwa kiwanja, mpindo mkubwa kati ya 400 na 410 uko kwenye 400, na hesabu inatoa mpaka wa milimita 1.5625; kosa halisi ni 1.543. Kwa kilele cha bamvua mpaka ni sentimita 19.2 kwa saa ya kwanza. Kosa halisi ni 18.8. Mpaka unaokaribia ukweli kiasi hiki unamsaidia mtu ambaye hana kikokotoo cha kumwambia jibu, na huyo ndiye mtu ambaye makadirio yalibuniwa kwa ajili yake.

Tarehe 28 Juni

Ukurasa wa bahari sasa una jawabu la swali la ujirani. Tumekubaliana kwamba sentimita 10 ndilo kosa kubwa tunaloweza kulivumilia, kisha tukauliza kila mstari unaweza kuaminiwa kwa dakika ngapi. Wakati wa bamvua, mstari wa kilele unadumu dakika 43 na mstari wa katikati dakika 87. Wakati wa maji mafu, wa kilele unadumu dakika 75 na wa katikati dakika 126. Ujirani hauna kipimo kimoja. Hufuata mpindo wa mahali na uvumilivu wa anayekadiria.

Limebaki jambo moja. Mahali pote pawili tulipopima ni pa pekee: katikati mpindo ni sifuri, na kwenye kilele mwinamo ni sifuri. Vijana wameomba tupime mahali pa kawaida, na tumechagua saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, katika bamvua ya mwezi mwandamo inayokuja. Tumekwisha kufanya hesabu kabla ya kwenda gatini. Ikiwa maji yatafikia vimo vilevile, mstari utapanda sentimita 52 kwa saa, na kwa tokeo la Lagrange utakuwa umeyazidi maji, saa hiyo itakapotimia, kwa si chini ya sentimita 14 na si zaidi ya 19. Namba hizo mbili zimeandikwa kwenye kona ya ubao kwa chaki nyekundu pamoja na tarehe ya leo, na nimewaomba wenye darasa la asubuhi wasizifute.